Walker na Fuller: kazi moja, koo mbalimbali

SWALI: Mume wangu ni Mwingereza wa ukoo wa Walker, kwao Yorkshire. Mama yake ni wa ukoo wa Fuller, kutoka Kent. Tumeambiwa majina haya yana maana moja. Je, koo hizi zina undugu? Na nembo ya kina Walker inayouzwa mtandaoni ni ya kweli?

JIBU: Maana ni moja, dada, ila undugu ni jambo jingine. Majina yote mawili yametokana na kazi ya kukaza vitambaa. Kitambaa cha sufu kikishafumwa huwa kimelegea na kina mafuta. Zamani kilitumbukizwa kwenye pipa lenye maji, udongo maalumu na mkojo uliochacha, kisha watu wakakikanyaga peku kwa saa nyingi hadi nyuzi zishikamane. Fundi huyo kaskazini aliitwa Walker, kusini mashariki Fuller, na kusini magharibi, hasa Devon, Tucker. Mjini Exeter lingali limesimama jengo la chama chao, Tuckers Hall, la mwaka 1471. Kufikia 1185 Yorkshire ilishakuwa na kinu cha maji chenye nyundo za mbao za kupondea kitambaa, lakini jina la wakanyagaji halikufutika.

Popote palipofumwa sufu palihitajika fundi wa namna hii, na kila mmoja aliweza kuanzisha ukoo wake. Hata kina Walker wawili wa Yorkshire huenda wasiwe na babu mmoja.

Nembo usinunue. Uingereza nembo hupewa mtu na uzao wake, haipewi jina. College of Arms ya London, iliyoanzishwa 1484, ndiyo yenye kumbukumbu hizo, na mume wako atapaswa kuthibitisha kwamba ametokana na aliyepewa, baba kwa baba.

Anzeni na cheti cha kuzaliwa cha babu yake, mrudi nyuma kizazi kwa kizazi. Vyeti vya serikali vilianza Julai 1837. Kabla ya hapo ni daftari za kanisa, zilizoamriwa 1538. Katika sensa, ya 1851 inawafaa kuliko ya 1841, kwa sababu inataja parokia aliyozaliwa mtu, na parokia hiyo ndiyo itakayowaonyesha daftari la kufungua. Kwa kuwa kina Walker ni wengi mno Yorkshire, tafuteni kila mtoto pamoja na jina la ukoo wa mama yake. Faharasa ya vizazi ya serikali iliyopo mtandaoni inalionyesha.