Pampu ya Ngama: Usiniletee Namba ya Kwenye Boksi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilwa aliniandikia: "Kaka, nimechukua boti ya faiba, futi 20. Fundi kanifungia pampu ya 500. Naweza kuilaza nangani usiku wa mvua?" Akaambatanisha picha. Siyo picha ya pampu ilivyofungwa. Picha ya boksi!

Pampu ya ngama ni ile inayotoa maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti. Namjibu hapahapa, maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto ileile: chombo chako mwenyewe, wageni wa kutazama papa potwe, siku moja boti ya pili. Swali hili litawafika tu.

Tuanze na mvua. Boti ya futi 20 ukiitazama kwa juu ina kama mita za mraba 10. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuimwaga kwa usiku mmoja, inakuingizia lita 500. Hiyo ni nusu tani ngamani, na hailali mahali pamoja. Inakimbilia shetri, yaani nyuma, ambako tayari kuna uzito wa injini, boti inakaa matako chini, na wimbi dogo tu linapanda na kuingia. Asubuhi unakuta omo, yaani mbele, peke yake iko juu.

Sasa hiyo 500 ni galoni za Kimarekani kwa saa, kama lita 1,900. Lakini kiwandani wameipima kwa umeme wa volti 13.6, yaani kama vile injini inawaka na kuchaji, tena maji hayapandi popote. Nangani betri yako ina volti 12 na kidogo, na maji yapande karibu mita nzima kabla hayajatoka nje. Hesabu nusu, na ushukuru ukiipata.

Mimi yangu ya 1,100 niliipima kwa ndoo ya lita 20. Kwa maneno ya boksi ilitakiwa ijae ndani ya sekunde 17 au 18. Ilichukua 33. Pale ufukweni Kilindoni, kisiwani Mafia, walinicheka sana, mtu mzima kainamia ndoo na simu mkononi kama mwalimu wa michezo. Nikabadilisha mpira wa kutolea maji, ule wenye mikunjo ndani, nikaweka wa laini, nikaufupisha, na sekunde zikapungua. Masika yalipokuja, boti za watu zilizama nangani na yangu ikakutwa inaelea, ngama karibu kavu. Waliocheka wakaja kuomba ushauri. Nikawapa, lakini sijasahau sura.

Ukiielewa pampu yenyewe hutababaishwa na fundi. Ndani kuna mota ndogo na feni. Feni inazunguka, inayatupa maji pembeni, yanaingia kwenye mpira. Haivuti maji kutoka mbali, ndiyo maana lazima ikae chini kabisa ngamani, imezama. Mpira upande moja kwa moja bila kulegea katikati, kwa sababu ukilegea hewa inakwama na feni itazunguka bure huku unasikia mlio mzuri kabisa. Mlio siyo maji. Chungulia nje uone yakitoka.

Kuna jambo lingine: pampu hizi hazina mlango wa kuzuia maji yasirudi. Ikizima, maji yaliyomo kwenye mpira yanarudi ngamani, yanainua boya la swichi, lile linaloelea na kuwasha pampu maji yakipanda, pampu inawaka tena, inazima, inawaka, hadi betri inakufa. Dawa ni mpira mfupi na boya lililoinuliwa kidogo juu ya pampu. Na kwa kuwa hakuna mlango, tundu la kutolea nje likizama, bahari inaweza kuingia kwa njia ileile. Utasema tundu langu liko juu. Subiri papa potwe atokee upande wa kulia, wageni wote wakimbilie huko na simu zao! Boti inalala, tundu linakunywa. Liweke juu uwezavyo, na mpira uupandishe hadi karibu na ukingo kabla haujashuka kwenye tundu.

Nyaya sasa, na hapa bado nina donge. Fundi mmoja wa mjini nilimlipa vizuri, akaunganisha pampu baada ya swichi kuu. Maana yake ukizima umeme wa boti uende nyumbani, na pampu umeizima. Nilipomuuliza akanijibu, "Wewe fundi au mimi?" Waya wa swichi ya boya unatakiwa utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi karibu na betri. Hata maungio yake alisokota kwa mkono akazungushia selotepu nyeusi. Nilipoifungua baadaye, shaba ilikuwa imeota ukijani na inakatika kama mkate mkavu. Ungio lipigwe lehemu, livalishwe mpira wa kujibana kwa moto, na likae juu, maji yasilifikie.

Ndugu zangu, tunapenda kununua spika na taa za rangi kabla ya betri ya maana. Boti inapiga muziki, ngamani kuna magamba ya samaki na vipande vya mshipi vimejisokota kwenye feni. Kila kabla ya kulala nangani inua boya kwa kidole, usikie, uone maji. Safisha chujio. Usimwachie kijana wa kazi, kwani chombo si chake.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kilwa: 500 kwa mvua inaweza kukutosha kama betri ni nzima na nyaya ni za uhakika. Kwa boti iliyotoboka haitoshi. Shimo la sentimita 2.5, sentimita 30 chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika; pampu yako hata kwa namba ya boksi inatoa 32. Hapo ziba kwanza kwa kitambaa au kigingi, ndipo uyatoe maji. Ongeza pampu ya pili kubwa, boya lake juu zaidi ya la kwanza. Upo, yaani kata ya kutekea maji ngamani, na ndoo visitoke chomboni. Na ukipata hela weka pampu ya mkono, ile ya kusukuma kwa mpini. Yangu nimeifunga karibu na injini, ili aliyeshika usukani aweze kuipiga kwa mkono wa pili.