Re: Ndege wanazubaa shambani baada ya kupanda

Umeuliza kwa nini ndege wamezubaa na hawaruki tangu upande mbegu zilizopakwa dawa. Usidhani wameshiba! Huenda wamekula mbegu hizo na dawa imewadhuru. Dawa nyingi za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu, na ndege naye anayo. Huko Kanada, utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa ndege wadogo wahamao waliolishwa imidaklopridi (dawa ya wadudu inayopakwa kwenye mbegu) kidogo tu walikula kidogo, wakapungua uzito na kuchelewa kuendelea na safari yao.

Fukia mbegu vizuri, hasa pembeni mwa shamba zinakomwagika, na okota zilizobaki juu. Ukikuta mzoga wa ndege, usiushike kwa mkono mtupu, wala paka asiule. Msimu ujao, kama wadudu hawakusumbui sana, tafuta mbegu zisizopakwa dawa.