Neno "cupboard" lilikotoka, na kabati letu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini neno "cupboard" lina herufi p isiyosikika linapotamkwa, na kikombe kimeingiaje katika jina hilo wakati kabati la darasani kwetu lina madaftari na chaki tu. Nami naongeza langu: je, kabati limetokana na neno hilo?

JIBU: Wanafunzi wako wameuliza jambo la maana, kwa sababu kikombe kimo kweli ndani ya jina hilo. Neno limeungwa kwa "cup", yaani kikombe, na "board", yaani ubao, na lilipoanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 14 halikutaja kitu chenye milango hata kidogo. Lilikuwa jina la ubao au meza iliyopangwa vikombe na vyombo vingine, na katika nyumba za wenye uwezo vyombo hivyo viliwekwa mahali pa wazi makusudi, ili wageni wavione. Aliyewahi kuingia katika nyumba ya kale ya mawe kule Lamu ataelewa upesi, maana vidaka, au zidaka kama wenyewe Waamu wanavyosema, navyo vilipambwa kwa sahani na bakuli za kaure zilizotoka China. Kwa hiyo kitu ambacho leo kazi yake ni kuficha kilianza kwa kuonyesha.

Hata wakati wa Shakespeare maana hiyo ya zamani ilikuwa hai. Katika tamthilia ya Romeo na Juliet, watumishi wanaosafisha ukumbi kwa ajili ya dansi wanaambizana waiondoe "court-cupboard" na kuviangalia vyombo vya fedha. Hiyo ilikuwa samani ya rafu zilizo wazi. Lakini katika karne hiyo hiyo ya 16 neno lilikwisha kuanza kutumika pia kwa sanduku la kusimama lenye milango, la kuwekea vyombo na chakula, na maana hiyo ndiyo iliyoshinda.

Neno "board" nalo linastahili kutazamwa. Kutoka ubao lilipata maana ya meza, kutoka meza likawa chakula kinacholiwa mezani, kisha likawa watu wanaoizunguka meza hiyo kwa mashauri. Ndiyo maana tuna bodi ya wakurugenzi, na ndiyo maana shule ya bweni wengi huiita bodingi: mwanafunzi hula huko huko.

Kuhusu herufi p, sauti za p na b zote hutamkwa kwa midomo miwili, na zikifuatana ulimi wa haraka huimeza ya kwanza. Aidha, mkazo wa neno uko mwanzoni, kwa hiyo sehemu ya pili ilififia hata "board" haisikiki tena kama ubao. Maandishi ya kale yana tahajia kama "cubberd", isiyo na p kabisa, lakini tahajia iliyosalia ni ile inayohifadhi asili ya neno. Nakuomba usiwafundishe watoto kuitamka p hiyo kwa kuwa tu wanaiona ubaoni.

Na hapa ndipo kabati linapotoa ushahidi. Neno letu limetokana na "cupboard", na lingekuwa limepokewa kwa kusomwa, huenda tungesema "kapubodi". Lilipokewa kwa kusikiwa: p haimo, d ya mwisho imekuwa t, na irabu i imeongezwa ili neno lifuate silabi zetu, kisha likapewa wingi wa makabati kama magari na mashati. Sisi tumelipanua hata likabeba kabati la nguo, la vyombo na la vitabu, ilhali Mwingereza kwa la nguo ana "wardrobe", neno lililotoka Ufaransa likiwa na maana ya mahali pa kutunzia mavazi. Mmarekani naye huitumia "cupboard" hasa kwa lile la jikoni, na chumba kidogo cha kutundikia nguo hukiita "closet".

Wanafunzi wakubwa kidogo unaweza kuwaeleza pia msemo "cupboard love", yaani mapenzi ya kujipendekeza kwa ajili ya kupata kitu, kama ya paka anayejisugua miguuni mwa mtu anayefungua kabati la chakula.