Jibu: DuckTales mpya iliiharibu ya zamani?

Mkuu, umeuliza kama waliofufua DuckTales, katuni ya bata tajiri Scrooge na watoto wa familia yake, mwaka 2017 waliiharibu ile ya 1987. Mimi nasema hapana, na sababu yangu kubwa ni wale watoto watatu. Zamani Huey, Dewey na Louie uliwatofautisha kwa rangi za nguo tu. Hata sauti zao zote alizitia mtu mmoja, Russi Taylor. Safari hii kila mmoja kapewa mwigizaji wake na tabia yake: Huey hafanyi kitu bila kufungua kitabu chake cha skauti, Dewey anatafuta sifa, Louie anapenda hela ila jasho hapana. Wakikaa chumba kimoja, vichekesho vinajileta vyenyewe. Na Webby, rafiki yao wa kike, aliyekuwa mtoto wa kubembelezwa, mwanasesere mkononi, sasa anapigana kama komando! Wakaongeza na fumbo la mama yao, Della, lililobeba msimu mzima wa kwanza.

Nilichokosa ni sauti ya Alan Young, Scrooge wa zamani. David Tennant, Scrooge mpya, ni Mskoti wa kuzaliwa, anaiweza kazi, ila sikio langu kaidi. Wimbo wa mwanzo, bahati nzuri, ni uleule, umeimbwa upya tu.