Jibu: Pesa wanazo, namba moja wanaitafutia nini?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mchezaji wa tenisi aliyekwisha kutajirika bado anajitesa kuitafuta namba moja duniani. Nimeufuatilia mchezo huu miaka mingi, na nakushauri utazame kwanza pointi zinavyohesabiwa.

Orodha ya ubora duniani hujumlisha matokeo ya wiki 52 tu. Ukishinda shindano kubwa kama Wimbledon unapata pointi 2000, lakini baada ya mwaka zinaondoka, na usipozitetea unashuka. Ndiyo maana wanaithamini sana namba moja. Wiki mbili za moto katika shindano moja haziwezi kukuweka pale. Inakubidi uwe bora kwenye nyasi, udongo na sakafu ngumu, mwaka mzima, hata mwili unapouma.

Nenda kaitazame fainali ya wanaume ya US Open 2022, shindano kubwa la Marekani. Carlos Alcaraz wa Hispania na Casper Ruud wa Norway walijua mshindi ndiye atakayekuwa namba moja. Mpira wa mwisho ulipokwisha, Alcaraz alijitupa chali uwanjani, umri wake miaka 19. Mimi sikuona pesa pale. Niliona mtoto aliyefika.

Halafu kuna historia. Kwa wanaume Novak Djokovic amekaa kileleni wiki 428, na kwa wanawake Steffi Graf alikaa 377, na rekodi kama hizo humvuta mtu hata akiwa na kila kitu. Faida ya droo, yaani upangaji wa nani anacheza na nani, pia ipo: hukutani na namba mbili kabla ya fainali.

Ila hamu hiyo si ya wote, wala haidumu kwa lazima. Ashleigh Barty wa Australia alistaafu Machi 2022, akiwa na miaka 25, bado namba moja.