Maswali ya Wasomaji: Kisu cha Askari wa Luftwaffe, Jeshi la Anga la Ujerumani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkusanyaji wa zana za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nimeonyeshwa kisu ambacho muuzaji anadai kilikuwa cha rubani wa jeshi la anga la Ujerumani. Bapa lake huteleza kutoka ndani ya mpini pale wenzo unapobonyezwa, lina jina la Solingen, mji wa Ujerumani, na pembeni kuna mwiba mrefu wa chuma unaokunjwa. Kisu kinafunguka vipande bila bisibisi, vyuma vyake vinang'aa kwa nikeli, na kwenye mbao za mpini pamechorwa tai mkubwa mwenye swastika. Muuzaji anasema kiliokotwa kisiwani Krete mwezi Mei 1941. Je, ninaweza kuamini kuwa ni halisi?

JIBU: Ndugu msomaji, kifaa unachokieleza Wajerumani walikiita Flieger-Kappmesser, yaani kisu cha kukatia cha askari wa anga, na kilibuniwa miaka ya mwisho ya 1930 kwa ajili ya askari wa miavuli na wahudumu wa ndege. Kazi yake ndiyo iliyoamua umbo lake. Mtu aliyenaswa na kamba za mwavuli juu ya mti, au aliyeumia mkono mmoja, hawezi kutumia kisu cha kukunja cha kawaida, kwa hiyo bapa lenye urefu wa takriban sentimita 10 lilifichwa ndani ya mpini ili lishuke kwa uzito wake lenyewe mkono unapoelekezwa chini, kisha lijifunge mara tu wenzo unapoachiwa. Ule mwiba ulikuwa wa kufumulia mafundo yaliyokaza. Ukikishika kisu cha namna hii, jaribu kwanza kazi hiyo: bapa halisi hushuka lote bila kusukumwa, hufungwa bila kulegalega, na hurudi ndani ukielekeza ncha juu na kubonyeza wenzo tena.

Sasa tuangalie ulichoandika, kwa maana barua yako ina majibu zaidi ya ulivyodhani. Visu vya awali viliungwa kwa ribiti na havikuweza kufunguliwa uwanjani. Vile vinavyofunguka vipande vilikuja baadaye, bila shaka kwa sababu mchanga na uchafu vilikuwa vikiingia mpinini na kuzuia bapa kuteleza. Nikeli inayong'aa huonekana zaidi kwenye visu vya awali, na kadiri vita vilivyoendelea vyuma vingi viliachwa na rangi ya samawati iliyokoza, ambayo ilihitaji kazi na madini machache. Kisu kinachofunguka na wakati huohuo kikameremeta kwa nikeli si lazima kiwe cha kughushi, lakini kinakutaka uchunguze kama nikeli hiyo ina umri mmoja na chuma kilichoko chini yake. Tumia kioo cha kukuza: nikeli ya kiwandani hupungua taratibu pale vidole vilipogusa na pembe zilipokwaruzwa, ilhali nikeli iliyotiwa juzi huwa imefunika hata vishimo vya kutu ya zamani, jambo ambalo haliwezekani kwa kisu kilichotoka kiwandani kikiwa kipya.

Kuhusu tai, sina budi kusema wazi kwamba hilo ndilo linalonitia shaka kuliko yote. Hiki kilikuwa kifaa cha kazi kilichotolewa na jeshi. Hakikuwa jambia la sherehe. Alama zake halali ni ndogo: jina au nembo ya mtengenezaji kwenye bapa, mara nyingi neno Rostfrei linaloonyesha kuwa chuma hakishiki kutu, na wakati mwingine chapa ndogo ya mkaguzi. Baadhi ya visu vya mwishoni mwa vita vina nambari ya kiwanda iliyogongwa kwenye mbao. Tai mkubwa aliyechorwa mpinini, alama za SS (kikosi cha chama cha Nazi), jina la rubani kwa maandishi ya mapambo, vyote hivi kwa kawaida huongezwa baadaye na mtu anayejua kwamba mnunuzi hulipia nembo zaidi ya kisu. Bahati mbaya ni kwamba mara nyingi kisu kilichoharibiwa hivyo kilikuwa halisi.

Watengenezaji wanaojulikana zaidi ni kampuni za SMF na Paul Weyersberg, wote wa Solingen, mji ambao jina lake kwenye visu linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938. Hata hivyo, jina pekee halitoshi, kwa sababu wanaoghushi huanza na jina. Tazama namna lilivyowekwa. Chapa iliyogongwa kabla ya kung'arishwa ina kingo laini na kina kinacholingana, na mikwaruzo ya miaka yote hupita juu yake. Chapa iliyogongwa kwenye bapa lililokwisha kumalizwa husukuma chuma kikavimba kandokando, na ile iliyochomwa kwa leza huwa na sakafu yenye chembechembe. Ndani ya mpini tafuta michirizo myembamba kwa urefu, inayoachwa na bapa linaloingia na kutoka. Mbao nazo husinyaa na kutengana kidogo na vyuma, na weusi wa mikono hukaa ndani ya nyufa. Taa ya urujuanimno itakuonyesha vanishi na gundi za kisasa ambazo jicho halizioni.

Usichanganye pia kisu hiki na ndugu zake. Waingereza waliiga muundo huu wakati wa vita vilevile, kwa hiyo jina la Ibberson, mtengenezaji wa Sheffield huko Uingereza, halimaanishi ulaghai, ila tu kwamba si kisu cha Kijerumani. Jeshi la Ujerumani Magharibi nalo lilirudia muundo huo baada ya vita likitumia mipini ya plastiki ya kijani au kijivu, na wapo wanaobadilisha plastiki kwa mbao na kuuza kazi hiyo kama ya wakati wa vita.

Habari ya Krete iache pembeni. Wauzaji hupenda Krete kwa kuwa askari wa miavuli walishuka huko kwa maelfu, lakini simulizi isiyo na karatasi haiongezi chochote. Hati inayofaa ni kama vile cheti walichopewa askari wa Kimarekani na makamanda wao ili kuruhusiwa kupeleka ngawira nyumbani, mradi kiwe kimetaja kisu chenyewe. Kwa ulivyoeleza, mimi nisingelipa bei ya kisu cha awali. Kama ukaguzi wa vyuma utaridhisha, ningetoa bei ya kisu cha kawaida kilichoharibiwa mpini.

SWALI: Nimerithi kisu kama hicho. Je, nikisafishe, na je, sheria inaniruhusu kukiuza ng'ambo?

JIBU: Usiking'arishe. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, weka tone la mafuta mepesi kwenye chuma bila kugusa mbao, na usikifungue mara kwa mara kuwafurahisha wageni, kwani springi ya wenzo ina zaidi ya miaka 80. Kuhusu kuuza, uliza kwanza sheria za kule kinakokwenda. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji na uingizaji wa visu vya aina hii mwaka 1959, na tangu mwaka 2021 England na Wales zinakataza hata kuviweka nyumbani. Ujerumani yenyewe imevipiga marufuku tangu mwaka 2003. Marekani ina sheria ya mwaka 1958 inayobana biashara yake kati ya jimbo na jimbo, na majimbo nayo yana sheria zake. New York, kwa mfano, iliondoa katazo lake mwaka 2019. Usikitume kwa posta kabla hujapata jibu kwa maandishi kutoka kwa mamlaka ya forodha ya nchi hiyo.