Fomu ya madrasa haihalalishi bakora

SWALI: Assalamu alaikum. Mwanangu wa miaka 9 yuko gredi ya nne, na jioni huenda madrasa. Jana alirudi na alama za bakora mgongoni, eti hakuhifadhi sura. Ustadhi alinitolea fomu niliyotia saini kwamba mtoto akikosea ataadhibiwa. Tena anataka nimtoe shule miaka 2 ahifadhi juzuu zote 30. Nifanyeje?
Mama, Mombasa

JIBU: Waalaikumu salaam. Mama, fomu hiyo haimkingi ustadhi. Ibara ya 29 ya Katiba ya Kenya inakataza adhabu ya viboko, na ukatili wowote, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Kwa hiyo kusema “hapa si shule” hakumsaidii ustadhi, na saini ya mzazi haiwezi kuruhusu kilichokatazwa na Katiba. Kumpiga mtu hadi kumuumiza ni jinai. Kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu kinafikisha kifungo cha miaka 5.

Harakisha, maana alama hufifia. Zipige picha leo, mpeleke hospitali na uweke karatasi za matibabu. Ukifika polisi, hakikisha habari imeandikwa kwenye OB (daftari la matukio la kituo) na umepewa namba, kisha uombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Kesi nyingi hufia hapa: wazee wanapatanisha, mapatano yakivunjika baada ya wiki 3 mgongo umepona na daktari hana cha kuandika. Suluhu si mbaya, ila P3 itangulie. Kwa Kadhi usipoteze nauli. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo atakusikiliza, na simu ya 116 ni bure.

Kumtoa shule, hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumsomesha mtoto, na akikaidi anashtakiwa yeye, si ustadhi. Lakini kuhifadhi hakudai aache shule. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Nusu ukurasa baada ya Alfajiri, siku 5 kwa juma, Jumamosi na Jumapili zikiwa za muraja (kurudia alichohifadhi), unamalizika kwa miaka isiyofika 5. Atakuwa na miaka 14 hivi, bado yuko darasani.